Mwaka Tuliozishtaki Filamu

Wiki aliyofariki Mama Akoth, nilikuwa nimetukanwa na watu wengi kuliko ilivyo kawaida yangu. Nilikuwa nimeandika kuhusu filamu mpya ya vijana wa hapa Nairobi, nikasema picha ni nzuri, nyumba ni nzuri, nguo ni nzuri, ila watu waliomo hawana shida yoyote inayowakosesha usingizi, na mtu asiye na shida sioni kwa nini nikae gizani nikimtazama. Basi mtandaoni moto ukawaka. Wengine wakaniita mama mwenye roho mbaya, wengine wakasema watu wa umri wangu tulizoea vibanda vya video vya mabati, sinema tutajulia wapi. Mwelekezi mwenyewe wa filamu hiyo, kijana wa adabu kabisa, akanipigia simu. "Auntie, si ungeenda tu pole pole? Hii industry yetu bado ni mtoto. Tukianza kuchapana wenyewe, nani atatusapoti?" Nikamwambia nitafikiria, nikakata simu nikiwa na hasira, kwa sababu maneno hayo nimeyasikia tangu nikiwa msichana na sijawahi kuyapatia jibu fupi. Nilikuwa bado nimeyabeba kifuani nilipofika mtaa wa Tena kwenye mkutano wa matanga, kwa binti yake Mama Akoth. Makochi yalikuwa yametolewa nje na sebule kujazwa viti vya plastiki vya kukodi. Nilijibanza karibu na mlango wa jikoni, nikapewa chai ya maziwa mengi, na nikiwa hapo nikamwona Halima akiingia, amevua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia avue. Nilimtambua kwa mwendo kabla ya uso. Alinikumbatia na kuniambia sikioni, "Jaji wetu ameenda." Hatukuwa tumeonana kwa karibu miaka ishirini.

Kumwita jaji si utani. Mwaka ule, kama miaka ishirini iliyopita, Mama Akoth aliuza omena mbele ya ukumbi wa video wa Baba Kevo pale mtaani Kware, chumba cha chini katika ghorofa moja ndefu ambacho mwenye nyumba alikuwa amekikusudia kiwe duka la jumla. Hakukuwa na dirisha. Kulikuwa na mabenchi, televisheni kubwa iliyofungiwa ndani ya kasha la vyuma, na bomba nene la maji machafu lililopita juu ya vichwa vyetu, hivi kwamba mpangaji wa juu akimwaga maji ya kufulia, bomba lilinguruma katikati ya mazungumzo ya mapenzi na watu wakacheka. Harufu ilikuwa ya unyevu, soksi na mahindi ya kukaanga. Siku moja Baba Kevo akaonyesha filamu ambayo staringi, yaani shujaa mwenyewe, anakufa mapema, na filamu inaendelea bila yeye. Kware staringi hafi. Watu waliinuka wamtoe Baba Kevo meno. Mama Akoth ndiye aliyepanda juu ya benchi na mikono yake inanuka omena, akapiga kelele kwamba kabla mtu hajapigwa, kwanza filamu ishtakiwe, tusikie kosa lake. Wakaishtaki. Ilichukua alasiri nzima, na ikapatikana haina hatia, maana mzee mmoja wa ujenzi alisimama akasema wazi kwamba yeye amezika marafiki watatu na maisha yake yameendelea bila wao, kwa hivyo haoni uongo wowote hapo.

Tangu siku hiyo kila Jumapili baada ya filamu ya mchana mabenchi yaligeuzwa na korti ikaketi. Mmoja aliishtaki filamu, mmoja akaitetea, yeyote mwenye neno akawa shahidi, na mshtakiwa, ambaye kwa kawaida alikuwa Baba Kevo kwa kuwa ndiye aliyeileta, akasema mwisho. Filamu iliyopatikana na hatia ilifungwa, yaani haikuonyeshwa tena pale. Sheria nyingine ilikuwa moja tu: mwenye uhusiano na kesi hashtaki wala hatetei. Hiyo tuliitunga kwa sababu ya vijana waliokuwa wanatetea filamu kwa kuwa wamefanana na staringi. Mimi nilikuwa kiongozi wa mashtaka. Sikuchaguliwa na mtu, nilishindwa tu kunyamaza. Siku za kazi nilikuwa kibarua kwenye kiwanda cha biskuti huko Industrial Area, nikipanga biskuti zilizovunjika kando na nzima, na nadhani macho yangu yalizoea kutafuta palipovunjika. Leo nikiwasikia vijana wakisema sisi hatuna utamaduni wa kuhakiki filamu, natamani kuwapeleka kwenye chumba kile, wasimame mbele ya wafanyakazi wa viwandani wenye njaa waeleze kwa nini mhusika wao amelala na viatu.

Halima alikuja kwetu mwanzoni mwa mwaka huo, akitokea Tena, akasimama nyuma na mtandio wake wa kijani. Kesi ilipokuwa imepamba moto, akainua mkono. "Samahani. Kwani hamjaona pale bosi anamfuta kazi, kamera iko chini, karibu na viatu? Nani aliamua iwe chini?" Korti nzima ikageuka kumtazama. Sisi tulikuwa tunashtaki wezi na wapenzi na mapolisi. Haikuwa imetujia kwamba kuna mtu ameshika kamera na anastahili kuulizwa. Mama Akoth akamwambia, "Wewe msichana, kuja hapa mbele," na kuanzia siku hiyo mimi na Halima tukawa marafiki.

Alikuwa na kitu kimoja tu alichokitaka, na alikitaka vibaya: kutengeneza filamu. Alilelewa na mjomba wake, ambaye alimwita Abti jinsi Wasomali wanavyomwita mjomba, mfanyabiashara wa vitambaa wa jumla kule Eastleigh. Nilikula kwao mara nyingi, baasto, yaani tambi zao, na ndizi mbivu kando, na chai yenye iliki iliyonifanya nichukie chai yetu ya kiwandani. Mke wa mjomba alikuwa mtu wa pwani, kwa hivyo nyumba ile iligombana kwa Kiswahili, na mimi niliyekuwa nyuma ya pazia nikisaidia kuosha vyombo nilisikia kila kitu. Jioni moja nikamsikia Abti akisema, "Nimempa mwaka. Nyuma ya kamera, sawa. Mbele ya kamera, hapana. Hilo tumekubaliana mimi na yeye. Siku nitakayomwona mbele, au siku nitakayoona hiyo kazi ni upuzi, anakuja dukani na maneno yameisha." Mkewe akauliza, na watu wakisema ni nzuri? "Nitaenda nisikie wanavyosema. Mimi nauza vitambaa, Zuhura. Najua mtu anayesifu kwa sababu anataka apewe chai." Nilimtazama Halima. Alikuwa ameshika sahani chini ya mfereji na maji yanamwagika tu.

Filamu yake ilihusu Oti. Oti alikuwa mtu wa kweli, aliyekuwa akipandisha mitungi ya maji kwenye ghorofa ileile ya Baba Kevo, maana maji hayakuwahi kupanda yenyewe kupita orofa ya pili, na lifti ilikuwa shimo lililojaa takataka. Katika hadithi, mpangaji wa juu kabisa, mwanamke anayeishi peke yake, anaugua, na majirani wanafunga milango. Oti, ambaye humletea maji na huwa hawasalimiani vizuri, anamweka mgongoni na kumshusha hadi kliniki. Ni hayo tu. Kamera ilikuwa ya kukodi, pamoja na mwenyewe, mpiga picha wa harusi wa Umoja aliyekuwa akilalamika kwamba hakuna keki. Na kila mtu aliigiza. Mgonjwa alikuwa mama mmoja muuza mitumba, jirani mkorofi alikuwa Baba Kevo, jirani mwenye huruma alikuwa Mama Akoth, na wengine wote walipita tu mbele ya kamera wakiwa wamevaa nguo za kanisani. Mimi peke yangu sikuwemo, kwa sababu miezi ile kiwandani kulikuwa na kazi ya ziada na nikikosa zamu moja nafasi yangu ingepewa mwingine.

Ndiyo maana siku ya kuionyesha ilipokaribia, korti ikajikuta kwenye shida ambayo hakuna aliyeifikiria. Kila mtu alikuwa na uhusiano na kesi. Mama Akoth aliwaza sana, akasema, "Sheria ni sheria, lakini nikifukuza kila mtu nitabaki na Nekesa na paka." Akaamua kwamba wote wanaruhusiwa kusikiza na kushuhudia, yeye ataendelea kuwa jaji kwa kuwa hakuna mwingine, Oti atatetea, lakini mwenye kushtaki lazima awe msafi. Nekesa ni mimi. Siku moja kabla ya filamu kuonyeshwa Halima alinikuta kwenye foleni ya maji, akanivuta kando. "Nekesa, kesho usinihurumie."

"Abti wako atakuwa hapo. Nikikumaliza je?"

"Ukinihurumia atajua. Huyo mzee anajua bei ya kila neno. Akiona mmenifunika funika, atasema yote ilikuwa mchezo." Alikuwa anakunja ncha ya mtandio na kuikunjua. "Nimalize, lakini nimalize na kitu ya ukweli. Umeskia?"

Nikasema nimesikia. Nilimwona amepauka na hatulii, nikadhani ni woga wa kawaida. Kulikuwa na jambo ambalo hakuniambia.

Jumapili hiyo Abti alikuja mapema kuliko wote. Alitandika leso yake ya mfukoni kwenye benchi la nyuma, akaketi wima, fimbo katikati ya magoti. Chumba kikajaa mpaka watu wakakaa sakafuni. Filamu ilipoanza nikaanza kuogopa, kwa sababu hakuna aliyekuwa anaitazama. Walikuwa wanajitafuta. "Niaje, si huyo ni mimi!" "Cheki koti yangu!" Mama Akoth alipotokea akilia kwa huruma, chumba kizima kilipasuka kwa kicheko, na yeye mwenyewe akacheka, na bomba likanguruma juu, na sauti ya Oti haikusikika. Halima alikuwa amesimama kando ya televisheni, mikono yote ameificha ndani ya shela. Nilitazama nyuma. Abti hakuwa anacheka. Kisha kwenye filamu mlango wa orofa ya juu ukafunguka, Oti akachuchumaa, mgonjwa aliyejifunika leso mpaka kichwani akapanda mgongoni, na papo hapo tukamwona Oti amefika mlangoni pa kliniki, shati kavu, anagonga. Watu wakapiga makofi na miluzi. Wangeiachilia palepale na wangembeba Halima juu juu, bila kuwa wameiona.

Mama Akoth akaniita. Nakumbuka nilishika nguzo. Nilikuwa na makosa mengi ya kuchagua, sauti mbaya, nguo za kanisani siku ya Jumanne, lakini moja lilikuwa limenichoma. Nikauliza, "Ngazi ziko wapi?"

"Ngazi gani?" mtu akadakia.

"Zile unapanda kila siku ukitukana. Kila mtu hapa anazijua. Mimi nimepanda na unga, nimepanda na gesi, wengine mmeshusha maiti hapo. Huyu mtu amembeba mgonjwa kutoka juu kabisa. Alafu ghafla yuko kliniki na shati haijaloa. Hadithi yote iko kwa ngazi, na ngazi hatujapewa. Mimi nasema tumeibiwa."

Makelele yakakatika. Nilisikia mtu akisema pole pole, "Ni ukweli, manze." Mwingine akasema yeye alidhani amesinzia. Oti aliyetakiwa kutetea akasimama akiwa amekasirika kweli, maana niligusa kazi yake. "Hatujaiba kitu! Tulishuka! Mpaka sai mgongo inaniuma. Tulishoot zote, kutoka juu mpaka chini, hakuna kusimamisha." Kisha akamtazama Halima na mdomo wake ukafungika.

"Kumbe ushahidi uko," Mama Akoth akasema.

Halima hakuwa anamtazama jaji, wala mimi. Alikuwa anamtazama mjomba wake kule nyuma. Hapo nilijua nimeshika kitu ambacho sikukijua ni nini, na nikaogopa, nikasema labda tuendelee na shahidi mwingine. Mama Akoth akakataa. Alizungumza kwa upole, kwa Kiswahili chake cha ziwani. "Mshtakiwa, hapa hatulazimishi mtu. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Lakini Nekesa amesema ukweli, na bila hizo ngazi mimi hii filamu naifunga." Nikawaza: ikifungwa, Abti ataona ni upuzi. Halima naye lazima aliwaza hivyohivyo, na zaidi. Akafungua mkoba wake, akatoa DVD, akampa Baba Kevo aiweke.

Hakukuwa na muziki. Kulikuwa na shingo ya Oti, na jasho linaloanza polepole nyuma ya masikio, na pumzi. Ngazi zilikuwa nyembamba na zenye giza, na kamera ilishuka nyuma yao karibu sana, ikigonga ukuta. Mtu mwenye beseni alijibana kuwapisha. Mtoto alikuwa analia nyuma ya mlango fulani, tukamwacha juu yetu, sauti ikapungua. Hakuna aliyeita jina la mtu. Bomba lilinguruma na hakuna aliyecheka. Katikati ya safari Oti akashindwa, akaegemea ukuta, magoti yakimcheza, akasema, "Ngoja. Ngoja kidogo, mama," na aliyekuwa mgongoni akashika ukuta kumsaidia, na leso ikateleza. Alikuwa Halima. Baadaye nilielezwa kwamba yule muuza mitumba alipofika kwenye ngazi na kutazama chini alikataa kabisa kubebwa, akasema ana watoto, na jioni ilikuwa inaingia na kamera inarudishwa Umoja. Kwa hivyo Halima akachukua leso yake akajifunika. Leso ilipoteleza hakujifunika tena. Uso wake ulikaa pale, shavu limelala kwenye shingo ya Oti, macho wazi, mpaka Oti alipopata nguvu wakaendelea kushuka, na ilipoisha wakiwa nje kwenye mwanga, kuna mama karibu nami alikuwa amejifunika mdomo kwa mikono miwili.

"Rudisha," sauti ikasema kutoka nyuma.

Baba Kevo akarudisha. Tukaitazama tena yote, na mara hii nilimtazama Abti. Alikuwa amesogea mbele, kidevu juu ya fimbo. Leso ilipoteleza alifumba macho, akayafumbua. Mwisho alisimama, akakunja kitambaa chake mara mbili, akakitia mfukoni. "Bibi jaji, mimi ni mgeni. Naweza kusema?"

"Sema, mzee."

"Ile ya kwanza ilikuwa mchezo wa watoto. Hii ni kazi. Mtu akisema hii si kazi, huyo ni mwongo." Watu walianza kupiga makofi, wengine walikuwa wanalia, mimi pia. Akainua mkono. "Lakini mimi na huyu tulikuwa na maneno yetu. Halima, tulisema nini?"

"Nyuma ya kamera, Abti."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Mbele."

"Ukakata, ili nisione."

"Ndiyo."

"Basi twende nyumbani."

Mama Akoth akapiga benchi kwa kiganja. "Mzee! Korti imemwachilia. Nasema hana hatia, hiyo filamu haina hatia!"

"Korti yenu imeachilia filamu," Abti akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshinda. "Yeye ni wangu." Alimfungulia Halima mlango atangulie. Halima hakututazama. Wiki hiyohiyo aliingia dukani Eastleigh, nyuma ya marobota ya vitambaa, na kamera hakuishika tena. Nilienda mara mbili kumsalimia, akanipimia kitambaa cha sketi kama mteja, mjomba yuko pale anasikiliza, na mara ya tatu sikuenda. Nilimchukia yule mzee kwa miaka mingi. Sasa niko karibu na umri wake na nimeona watu wakivunja maneno yao na mimi bila hata kuona haya, na chuki imepungua, ila sijafika mahali pa kusema alikuwa na haki. Aliiona filamu ile vizuri kuliko sisi sote. Kuona kwake hakukumsaidia Halima chochote.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kifuani pale Tena, kikombe mkononi, na ndiyo sababu siwezi kumjibu yule mwelekezi kijana aliyenipigia simu kwa sentensi moja. Halima alikaa karibu nami. Abti alishafariki, akaniambia, na duka sasa ni lake, tena yako mawili. Huwa anasoma ninayoandika, na ile ya juzi aliisoma pamoja na matusi yote chini yake. Nikamuuliza kama na yeye anaona nina roho mbaya.

"Wewe?" Akatabasamu kidogo. "Ulinipa swali nzuri, Nekesa. Watu wananiuliza bei, wananiuliza rangi. Kuhusu ile kazi hakuna mtu ameniuliza kitu tena, tangu siku hiyo."

Jikoni walikuwa wanagombania sufuria. Kulikuwa na swali ambalo nililala nalo miaka yote hiyo na sikuwahi kulitoa, kwa sababu dukani tulikuwa hatuko peke yetu. Nikalitoa. "Zile ngazi ulikuwa umezikata. Hukutaka Abti azione. Sasa siku ile, mbona zilikuwa kwa mkoba wako?"

Halima aliweka kikombe chini. Nilipomtazama niliona machozi yameshajaa.

"Nilitaka azione," akasema. "Nilijua itanimaliza. Lakini ilikuwa nzuri, Nekesa. Ilikuwa nzuri sana, na nilitaka Abti aione hata mara moja."